Damu ya Mmoja, Habari za Ukoo Mzima

Katika vitabu vya jenetiki vinavyosomeshwa vyuo vikuu kuna jedwali dogo ambalo kwa miongo kadhaa wanafunzi wamepewa ili wajifunze kupima nguvu ya uteuzi wa asili kwa binadamu, yaani jinsi jeni zinazosaidia mtu kuishi zinavyoongezeka kizazi hadi kizazi. Lilitokana na kazi ya Anthony Allison, mtafiti Mwingereza aliyekulia Kenya, na takwimu zake zilichapishwa mwaka 1956. Jedwali linahesabu watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kati ya watoto, 189 hawakuwa na jeni ya selimundu, 89 walikuwa nayo moja waliyorithi kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa nazo mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, yaani walikuwa na ugonjwa wenyewe, ambao wengi mtaani huuita sikoseli. Kwa watu wazima hesabu ilikuwa 400, 249 na 5. Watu hao walikuwa wa Musoma, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa Mwanza, kwenye ufukwe wa ziwa hilihili.

Ukizitazama namba hizo kwa utulivu utaona jambo ambalo jedwali halilisemi kwa maneno. Miongoni mwa watoto wachanga, wenye ugonjwa walikuwa kama 3 katika kila 100. Miongoni mwa watu wazima hawakufika hata 1. Pengo lililopo hapo ni makaburi ya watoto. Nao waliobeba jeni moja walipanda kutoka asilimia 31 hadi 38, kwa sababu malaria iliyokuwa ikiua wenzao iliwapunguzia wao makali, jambo ambalo Allison alikuwa amelionyesha katika makala yake ya mwaka 1954. Damu ya Musoma, kwa hiyo, iliingia katika ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba uteuzi wa asili unaendelea ndani ya miili yetu, na hata leo mwanafunzi wa nchi ya mbali anaweza kufaulu mtihani kwa kukokotoa vifo vya watoto wa Mara bila kujua Mara iko upande gani wa dunia.

Jedwali halina majina, na ni haki lisiwe nayo. Lakini vilevile halituelezi watu hao waliombwa kwa lugha gani, walielezwa nini, wala kama mama wa kila mmoja wa wale watoto tisa aliambiwa mwanawe ana nini. Simshitaki Allison. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, na Azimio la Helsinki, ambalo ndilo msingi wa maadili ya utafiti wa tiba duniani, liliandikwa mwaka 1964, miaka minane baada ya takwimu zile kuchapishwa. Ninachouliza ni kama sisi, wenye Azimio hilo, wenye kamati za maadili na wenye sheria tatu za Bunge zinazogusa vinasaba, tungeweza kuwajibu watu wa Musoma vizuri zaidi iwapo damu yao ingechukuliwa mwaka huu. Jibu langu ni kwamba tungewajibu vizuri zaidi siku ya kuchukua damu, na kuanzia kesho yake tungewajibu karibu vilevile.

Sababu ni kwamba mfumo wetu wote, pamoja na ule wa kimataifa tuliouiga, umejengwa juu ya mtu mmoja anayetia sahihi mara moja kwa ajili ya utafiti mmoja. Msingi huo unafaa kwa jaribio la dawa, kwa kuwa madhara ya kidonge humpata aliyekimeza. Haufai kwa jeni. Nusu ya nilicho nacho nimekipata kwa mama, nusu kwa baba, na ndugu zangu wa tumbo moja wanashiriki nami sehemu kubwa ya hicho. Nikikubali kusomwa, wao pia wamesomwa kwa kiasi fulani, na hawakuwepo wakati wa kutia sahihi. Kwa Msukuma, Mjita au Mkerewe, ambaye tangu utotoni amefundishwa kujitambulisha kwa ukoo kabla ya kujitambulisha kwa jina, wazo hili halihitaji darasa refu. Ajabu ni kwamba sheria ndiyo inayolikuta geni.

Chukulia mama mmoja wa Igombe ambaye mtoto wake anaumwa viungo kila mara na macho yake yana manjano. Amempeleka hospitali, na huko anakutana na watafiti wanaoomba damu ya mtoto, yake, na ya baba mtoto, ili waone jinsi jeni nyingine zinavyoongeza au kupunguza ukali wa selimundu. Ni utafiti mzuri na unahitajika, kwani inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka na Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa wake. Fomu ya ridhaa imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kizito kuliko hiki ninachoandika. Yeye nyumbani anazungumza Kisukuma. Anasomewa. Anaulizwa kama ana swali, anasema hana. (Tukubaliane kwamba kutokuwa na swali mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe mara nyingi ni adabu tu.) Anaweka dole gumba, baba naye anaweka, na wiki chache baadaye maabara inaonyesha kwamba mtoto ana jeni mbili za selimundu, mama ana moja, na baba hana hata moja.

Matokeo hayo yana maelezo zaidi ya moja. Pengine chupa mbili zilibadilishana lebo. Pengine baba ana jeni ya thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambayo kipimo cha kawaida hakikuiona, na ugonjwa wa mtoto si selimundu halisi bali ni mchanganyiko wa hayo mawili. Na pengine, jambo ambalo kila mtu wa maabara hulifikiria kwanza, mwanaume huyu siye aliyemzaa mtoto. Mtafiti hakutafuta habari hiyo. Imemjia yenyewe, na sasa iko kwenye kompyuta yake.

Sheria zetu zimelishughulikia suala la nani ni baba wa nani, lakini kupitia milango yake maalumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama mamlaka ya kuamuru kipimo cha vinasaba pale uzazi unapobishaniwa. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu, Namba 8 ya mwaka huohuo, imeweka utaratibu ambao maombi ya vipimo vya namna hiyo hupitia katika vyombo kama mahakama na ofisi za ustawi wa jamii hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Bunge liliona, na kwa haki kabisa, kwamba habari inayoweza kuvunja nyumba isipatikane kama vocha dukani. Utafiti wa kinasaba unafungua dirisha la nyuma katika nyumba hiyohiyo, bila shauri, bila hakimu na bila afisa ustawi.

Wapo wanaosema jibu ni rahisi: mtafiti anyamaze. Naunga mkono kunyamaza, lakini si rahisi. Ikiwa fomu iliahidi kwamba kila mshiriki atapewa majibu yake, na baba akapewa karatasi inayosema hana jeni ya selimundu, huku redio zimemfundisha kwa miaka kwamba ugonjwa huu hutoka kwa wazazi wote wawili, hahitaji daktari wa kumkokotolea. Elimu ya afya tuliyoisambaza kwa bidii ndiyo itakayoitoa siri. Kwa hiyo uamuzi haupaswi kufanywa siku ya majibu. Unapaswa kufanywa kabla ya sindano, kwa maneno ya wazi ndani ya fomu: tutawaeleza ugonjwa wa mtoto na hatari kwa mimba zijazo, na hatutamweleza yeyote habari za uzazi wala kutoa majibu yanayozifichua. Asiyekubali hilo asitoe damu, na huduma ya mtoto iendelee palepale.

Hapa kwetu kuna jambo linalofanya kosa katika eneo hili liwe zaidi ya aibu ya kifamilia. Ualbino nao hurithiwa kwa njia ileile, jeni moja kutoka kwa kila mzazi, na wazazi wenyewe huwa na rangi ya kawaida. Mwaka 1995 utafiti uliowahusisha wagonjwa wa Tanzania ulichapishwa ukionyesha kwamba wengi wao walikuwa na upungufu uleule katika jeni moja, kipande kilekile kimekatika. Kwa familia za kanda hii habari hiyo ni ya ukombozi. Wanawake wangapi wameachwa na waume zao baada ya kujifungua mtoto mwenye ualbino, kwa tuhuma kwamba wamezaa nje au wameleta mkosi? Jenetiki inasema wazi kwamba mume amechangia sawasawa na mke. Nasema hivi ili nisieleweke kama mtu anayetaka maabara zifungwe.

Lakini ni kanda hiihii ambamo, tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino zaidi ya 16,000 nchi nzima. Ukigawa idadi hiyo kwa mikoa, kisha wilaya, kisha visiwa, unafika mahali ambapo kusema "familia tatu kutoka kijiji fulani cha Ukerewe" ni sawa na kutaja majina. Watafiti huondoa majina na kuweka namba za siri, wakaamini wamemaliza kazi ya usiri. Mwaka 2013 wanasayansi nchini Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba waliweza kuwatambua karibu watu 50 ambao vinasaba vyao vilikuwa hadharani bila majina, kwa kuunganisha tu na taarifa nyingine zilizopatikana bure kwenye intaneti. Hao walikuwa watu wa kawaida katika nchi ya mamilioni ya watu. Katika kisiwa chenye mwalo mmoja na shule moja, hata intaneti haihitajiki. Muuza maji anatosha.

Zaidi ya hapo, orodha ya hatari si ya wagonjwa peke yao. Ni ya wabeba jeni pia, yaani dada, wajomba na binamu wasio na dalili yoyote, ambao posa zao zinaweza kurudishwa kwa sababu ya damu aliyoitoa ndugu yao.

Nchi moja iliwahi kulitazama jambo hili mahakamani na kulitolea hukumu. Mwaka 1998 Bunge la Aisilandi lilipitisha sheria ya kukusanya kumbukumbu za afya za taifa zima katika hifadhi moja, na kampuni ya deCODE ndiyo iliyopewa leseni ya kuiendesha. Asiyetaka alitakiwa kujitoa. Msichana mmoja aliomba kumbukumbu za baba yake, aliyekwisha kufariki, zisiingizwe. Akaambiwa hana haki ya kumsemea marehemu. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, mwezi Novemba 2003, ilikubali kwamba haombi kwa niaba ya marehemu. Anaomba kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa kutoka katika tabia za kurithi za baba mtu angeweza kubaini mambo ya binti. Alishinda. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa kauli nzito kuliko maazimio mengi ya kimataifa, kwa sababu ilimpa ndugu haki yake mwenyewe, na si hisani ya kuulizwa.

Sasa linganisha na tulichonacho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaja taarifa za kinasaba miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, pamoja na zile za watoto. Ni hatua kubwa, na Tume iliyoundwa kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Lakini sheria hiyo, kama mama zake za Ulaya, inamfikiria mhusika wa taarifa kuwa mtu mmoja anayetambulika. Yeye ndiye anayetoa ridhaa, yeye ndiye anayeweza kuiondoa, yeye ndiye mlalamikaji. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba ya mwaka 2009 nayo inadai ridhaa na usiri, ila ukiisoma unaona kwamba akili ya walioiandika ilikuwa zaidi kwenye jinai, uzazi na utambuzi wa miili kuliko kwenye kabati la barafu lenye sampuli za watu elfu kumi zitakazosomwa upya kila teknolojia inapobadilika. Kaka wa mshiriki, anayeona kwamba utafiti unamwanika, angefungua shauri kwa kifungu kipi? Wakili hodari anaweza kujaribu haki ya faragha katika ibara ya 16 ya Katiba. Angekuwa anabomoa msitu ili apate njia.

Kuhusu sampuli kuvuka mipaka, utaratibu upo na unafanya kazi kwa kiasi chake. Utafiti wa afya hupitia Kamati ya Taifa ya Maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Na damu haitoki nchini bila mkataba unaoeleza inakwenda wapi na kufanya nini. Tatizo ni kwamba mkataba huo ulibuniwa wakati thamani ilikuwa ndani ya chupa. Siku hizi chupa inaweza kubaki Mwanza milele. Kinachosafiri ni faili. Mashine ikishasoma vinasaba, mfuatano wa herufi unapanda hewani bila boksi la barafu wala afisa wa forodha, na ukishanakiliwa mara tatu hakuna mkataba utakaourudisha. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani ya 23andMe, iliyokuwa na vinasaba vya wateja wapatao milioni 15 waliolipa wenyewe kupimwa, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika, na taarifa za wateja hao zikawa sehemu ya mali inayotafutiwa mnunuzi. Wale walikuwa wateja wenye risiti.

Kuna kichekesho kimoja cha kisheria ambacho wavuvi wa hapa Kirumba wangekifurahia. Maabara ya Ulaya ikija kuchukua furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili ambao wanasayansi wamewasoma sana kwa jinsi walivyojigawa katika mamia ya spishi, inaingia katika eneo la Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, wenye msingi kwamba nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki na inastahili mgawo wa faida. Ikija kuchukua damu ya mvuvi, mkataba huo haumhusu: mwaka 1995 nchi wanachama ziliamua kwamba rasilimali za kijenetiki za binadamu hazimo. Nia ilikuwa njema, mtu asihesabiwe kama samaki, na Azimio la UNESCO la mwaka 1997 likaongeza kwamba jenomu ya binadamu, yaani jumla ya vinasaba vyake, katika hali yake ya asili isiwe chanzo cha faida ya fedha. Matokeo yake ni kwamba furu ana mgawo wa faida unaotambuliwa na mkataba wa kimataifa, na mvuvi ana fomu ya ridhaa inayosema hatalipwa chochote isipokuwa nauli.

Na faida haiko mbali. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza inayotumia mkasi wa CRISPR kuhariri jeni, na selimundu ni miongoni mwa magonjwa ya kwanza iliyoidhinishiwa. Seli za mgonjwa hutolewa, huhaririwa ili zirudie kutengeneza hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, kisha hurudishwa mwilini. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ambazo ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Sidai kwamba tiba hiyo ilitokana na damu ya Musoma; njia iliyopita ni ndefu na ina maabara nyingi. Nasema tu kwamba ujuzi juu ya jeni hii ulichotwa kwa sehemu kutoka kwenye miili ya watu wa mwambao huu, na sioni mjukuu wa waliohesabiwa katika jedwali lile akitibiwa kwa mkasi huo katika miaka michache ijayo.

Kabla sijasema ninachopendekeza, niwajibu wanaohofia kwamba makala kama hii huchochea tuhuma. Wazee walikuwa na neno mumiani, mnyonya damu aliyesemekana kutumwa na wakubwa kukamata watu usiku, na kila kizazi cha watafiti katika Afrika Mashariki kimekutana na kivuli chake: wanachukua damu wakauze. Watafiti wengi huona uvumi huo kuwa ujinga wa kuondolewa kwa kipeperushi. Mimi nadhani ndani yake mna swali la kisheria lililovaa nguo za hadithi. Nani anafaidika na damu yangu, na kwa nini siambiwi inakoishia? Kabila la Wahavasupai wa Arizona, Marekani, lilitoa damu kuanzia mwaka 1990 likitarajia msaada juu ya kisukari, kisha likagundua kwamba damu hiyo ilitumika pia kuchunguza skizofrenia, ambayo ni ugonjwa wa akili, na asili ya uhamaji wao, mambo yaliyogongana na simulizi zao za chimbuko. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kililipa dola 700,000 na kurudisha sampuli. Hapo hapakuwa na mumiani. Palikuwa na fomu yenye maneno mapana mno.

Hofu ya pili ni ya kinyume, kwamba masharti zaidi yataua utafiti wakati Afrika ndiyo inayokosekana. Ni kweli inakosekana: katika tafiti kubwa za uhusiano wa jeni na magonjwa, washiriki wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 2 tu mwishoni mwa muongo uliopita, na dawa zinazotengenezwa kwa ramani hiyo zitatukosea. Ndiyo maana sitaki muhuri mwingine. Mtafiti kijana wa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, tayari anasubiri vibali hadi ufadhili unakaribia kuisha, na kumwongezea dirisha la tatu la kupanga foleni hakumlindi mama wa Igombe hata kidogo.

Ninachotaka kimeshafanyika hapahapa, ila kwa jambo jingine. Mwanza imezoea utafiti mkubwa: jaribio la kutibu magonjwa ya zinaa, ambalo matokeo yake ya mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yakishuka kwa takriban asilimia 40, lilifanyika katika jamii 12 za mkoa huu, na wakazi wa Kisesa, wilayani Magu, wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1994. Ilipofika zamu ya utafiti wa jeli ya kuzuia VVU katika miaka ya 2000, washiriki walikuwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni, migahawa na vilabu vya pombe za kienyeji, watu ambao jamii imezoea kuwasemea. Watafiti waliunda kamati ya ushauri ambayo wanawake hao waliwakilishwa na wenzao, ikasikiliza manung'uniko na kurudisha majibu, na ridhaa ikawa mazungumzo yanayorudiwa kila hatua ya utafiti badala ya karatasi ya siku ya kwanza. Mhudumu wa baa aliweza kueleza kipimo kinapima nini. Aliyedhani hilo haliwezekani kwa vinasaba aeleze kwa nini.

Tofauti ni kwamba kamati ile iliishi muda wa utafiti, na sampuli za vinasaba huishi kuliko watafiti. Kamati ya aina hiyo kwa ajili ya hifadhi ya sampuli ingepaswa kuwa ya kudumu, iwe na wagonjwa wa selimundu na watu wenye ualbino ndani yake, na iwe na nguvu ya kusema hapana pale sampuli zinapoombwa kwa jambo jipya, si nguvu ya kushauri tu. Kanuni chini ya sheria ya mwaka 2022 zingeweza pia kumtambua ndugu wa damu kama mtu mwenye haki ya kulalamika, kwa aya moja, bila kusubiri sheria mpya.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kamati kama hiyo ianze nao, kwa kuwa ni mgumu na si wa kashfa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa matone ya damu zaidi ya 17,000, yaliyokaushwa kwenye kadi na kuletwa maabara ya Bugando kutoka vituo vya Kanda ya Ziwa kwa ajili ya kuchunguza VVU kwa watoto wachanga. Matone hayohayo yalipimwa selimundu. Yalionyesha kwamba mtoto 1 kati ya 5 alikuwa mbeba jeni, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa, na ramani iliyopatikana inaonyesha ni wapi huduma ianzie. Ningekuwa kwenye kamati ningepiga kura ya ndiyo, na nisingelala vizuri usiku huo. Kadi ile ilitobolewa kwa jambo moja ikajibu jingine, na hilo jingine linaokoa watoto. Lakini kadi za damu kavu hukaa miaka mingi, na watoto wa namna ile wamo shule za msingi sasa. Wakitimiza miaka 18 ridhaa ya mzazi inakuwa imeisha muda wake, na damu inakuwa yao. Daftari la maabara lina namba ya kadi, jina la kituo na tarehe. Kamati ingeanza kwa kuuliza nani amepewa kazi ya kuwatafuta.